Handaki la Juu, Bunduki za Chini: Kisa cha Salaita, 12 Februari 1916

Ukitoka Moshi alfajiri, ukapita Himo na Holili, ukavuka mpaka kwenda Taveta, chai ya saa nne inaweza kukukuta Salaita. Ni kilima kidogo kilichosimama peke yake nyikani, kando ya barabara ya kwenda Voi. Kwa mtu aliyekulia chini ya Kibo, kile hakistahili hata kuitwa mlima. Wanafunzi wetu wanasoma Maji Maji, wanasoma vita vya Tanga, lakini Salaita wanairuka. Naona tunakosea sana. Katika asubuhi moja tu, kwenye vichaka vile vya miiba, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya askari wa Waingereza wenye mizinga, ndege na magari ya deraya walidanganywa na udongo uliofukuliwa na Wajerumani mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nilikwenda na mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa jeshi aliyekuwa upande wa mizinga na aliyepigana vita vya Kagera. Mtaa mzima tunamwita Afande. Yeye ananiita Mwalimu, ingawa chaki nimeiacha siku nyingi. Tuliposhuka kwenye gari nilifanya kile anachofanya kila mgeni wa pale: nilinyoosha kidole juu kileleni na kuanza kueleza. Afande hakuinua hata kichwa. Alichuchumaa, akafunga jicho moja, akaangalia nyasi zilivyolala kati yetu na mguu wa kilima.

"Mwalimu, bunduki zilikuwa wapi?"

Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Zilikuwa chini.

"Basi mbona unanionyesha juu?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na uchambuzi huu umetokana nalo. Nilikuwa naijua hila yenyewe, najua jina la aliyedanganya na la aliyedanganywa, na bado jicho langu lilikwenda kulekule walikotaka liende.

Hali ilivyokuwa

Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa Ulaya, Wajerumani walitoka upande wetu wakaitwaa Taveta. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani katika koloni hili, aliweka makao yake Moshi kwa sababu mbili ambazo mtu yeyote anayejua ramani ya Kilimanjaro anaziona. Kwanza, reli kutoka Tanga ilikuwa imeshafika mjini, na ni reli hiyo iliyomwezesha kushusha askari Tanga haraka mwezi Novemba na kuwatupa Waingereza baharini. Pili, kutoka hapa hadi reli ya Waingereza ya Mombasa kwenda Uganda si mbali kwa watu wanaojua kutembea nyikani usiku. Makundi madogo yalikuwa yakivuka pori lisilo na maji, yanatega baruti relini, yanarudi.

Salaita, ambayo Wajerumani waliiita Oldorobo, ilikuwa mlinzi wa mlango huo. Upande mmoja ni mlima Kilimanjaro, upande mwingine ni milima ya Pare, na katikati ni pengo ambalo jeshi lolote litokalo Voi kuja Moshi lazima lilipite. Waingereza walijenga reli yao kutoka Voi kuja magharibi, wakafika Maktau mwaka 1915, na Januari 1916 wakasogea Mbuyuni na kuweka kambi mahali palipoitwa Serengeti, kilomita chache tu mbele ya kilima. (Si ile Serengeti ya nyumbu. Jina ni lilelile la uwanda mpana.)

Kisha wakaletewa nguvu mpya: brigedi ya Waafrika Kusini weupe chini ya Jenerali Beves, waliokuwa wameshuka nchini majuzi tu. Pamoja nao walikuwepo wakongwe wa vita hivi: Waingereza wa Loyal North Lancashire, Warodesia, na bataliani ya 130 ya Wabaluchi kutoka India. Kamanda wa shambulio alikuwa Jenerali Wilfrid Malleson. Jumla walikaribia 6,000. Juu ya kilima, kwa hesabu waliyokuwa nayo mezani, adui walikuwa kama 300.

Kwa kweli adui walikuwa karibu 1,400, chini ya Meja Georg Kraut, wengi wao askari Waafrika waliofunzwa vizuri, na bombom zao zilikuwa tayari. Bombom ndilo jina ambalo askari waliipa bunduki ya rashasha, na ukilitamka mara tatu mfululizo unaelewa kwa nini.

Asubuhi yenyewe

Ndege za upelelezi zilikuwa zimeruka juu ya kilima. Marubani waliona mahandaki karibu na kilele. Hawakusema uongo. Mahandaki yalikuwepo.

Tarehe 12 Februari mizinga ya Waingereza ikaanza kupiga. Fikiria picha hiyo kutoka kambini: mvua ya chuma inaanguka juu ya kilele, udongo mwekundu unaruka, moshi unafunika kila kitu. Ofisa mwenye darubini anaona shabaha inapigwa barabara. Hakuna kilichokosewa katika upigaji huo. Wapigaji walifanya kazi yao kama walivyofundishwa, na Afande alinisisitizia jambo hili kwa heshima ya wenzake wa kazi: walipiga vizuri sana mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Waafrika Kusini wakazunguka upande wa kaskazini wa kilima ili kukishika ubavuni. Brigedi nyingine ikasogea kwa mbele. Askari wakaingia kwenye vichaka wakiamini kwamba kilichobaki ni kupanda na kuokota maiti. Walipokaribia mguu wa kilima, vichaka vikaanza kuwapiga.

Mahandaki ya kweli yalikuwa pale chini, yamefichwa na miiba na nyasi, hayajaguswa na hata kombora moja. Kabla ya Waafrika Kusini kujipanga upya, Kraut akaongeza la pili: kikosi cha akiba kutoka upande wa Taveta kikatokea na kuwashambulia kwa singe. Watu waliokuja kuzunguka ubavu wa adui wakajikuta wao ndio wameshikwa ubavu. Kufikia mchana walikuwa wanarudi nyuma, wengine kwa utaratibu, wengine wakikimbia. Waliowasimamia wasichinjwe walikuwa Wabaluchi, Wahindi walewale ambao siku chache nyuma Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau waziwazi kwa rangi yao. Inasimuliwa kwamba baada ya mapigano Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rashasha waliyoitupa walipokuwa wakikimbia, wakaambatanisha ombi la adabu kwamba wasiitwe tena makuli.

Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wa Waingereza walikuwa wapatao 170, na zaidi ya 130 kati yao ni Waafrika Kusini. Kwa vita vilivyokuwa vinaua maelfu kwa siku huko Ufaransa, ni idadi ndogo. Kwa brigedi iliyokuja na hakika kwamba askari mweusi atakimbia akisikia mzinga wa kwanza, ilikuwa zaidi ya idadi.

Kwa nini chini?

Hapa ndipo nilipohitaji Afande, kwa sababu vitabu vinasema tu "mahandaki yalikuwa chini" na kupita.

Alinilaza kifudifudi. Mzee wa miaka yake, na mimi mwenye shati jeupe, tumelala kwenye vumbi la Salaita huku mchungaji mmoja wa mbuzi akitutazama kama watu waliochanganyikiwa. "Sasa angalia mbele," akasema. Niliona nyasi, na kati ya mashina ya nyasi niliona mbali kuliko nilivyotegemea. Mtu anayekuja kutoka kambini angeonekana kuanzia magotini hadi kifuani.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Ukiwa juu ya kilima, risasi yako inashuka. Inapita juu ya kichwa cha mtu wa mbali, inaingia ardhini kwa mtu wa karibu, na kati ya hapo inaua mahali padogo tu. Zaidi ya hapo, tumbo la kilima linakuzuia: mteremko ukivimba katikati, aliyefika chini ya uvimbe ule humwoni tena, na anaweza kupumzika, kufunga kamba za viatu, kisha akakupandia. Ukiwa chini, sawa na ardhi, risasi inakwenda imelala. Inafyeka. Inayomkosa wa kwanza inampata wa nne. Bombom moja iliyowekwa chini kwenye uwanda inafanya kazi ya tatu zilizowekwa juu.

Kwa hiyo kukaa chini hakukuwa hila peke yake, kulikuwa pia ufundi mzuri wa kujilinda. Hila ilikuwa kile kilichoachwa juu. Na udongo wa kule husaidia: ni mwekundu, na kichaka cha Februari, kabla ya mvua, ni cha kijivu. Ukifukua ardhi bila kuifunika, kidonda kinaonekana kutoka angani. Ukifukua ukatandaza matawi ya miiba yaleyale yaliyokuzunguka, rubani anapita juu yako na kuandika kwamba hakuna kitu. Mwaka 1916 upelelezi wa ndege ulikuwa mchanga hapa kwetu, na kitu kigeni kikisema neno, watu hulichukua kama ushahidi wa mbinguni. Macho ya ndege yakaaminiwa kuliko akili ya kujiuliza: je, mtu mwenye miezi kumi na minane kwenye kilima hiki bado anakaa mahali ambapo kila mtu anamwona?

Nina dhana yangu kuhusu mahandaki ya juu, na naitoa kama dhana. Wajerumani walikaa Salaita muda mrefu. Sioni kwa nini wawe walianza kwa kuchimba ya uongo. Ninavyoona mimi, ukikishika kilima mara ya kwanza unapanda juu, kwa sababu binadamu yeyote akiogopa hupanda juu. Baadaye, baada ya kulitazama eneo na kulizoea, unashuka. Ukishashuka huhitaji kutengeneza chambo, kwa kuwa nyumba yako ya zamani imeshakuwa chambo. Inabaki tu kuiacha wazi, na kuificha mpya. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi udanganyifu wa Salaita ulikuwa na kitu ambacho handaki bandia lililochimbwa jana haliwezi kuwa nacho: historia. Wapelelezi wangeweza kulinganisha taarifa za mwaka jana na za mwaka huu, zikapatana, wakaridhika.

Aliyejidanganya

Watu wa pwani hupenda kukumbusha hadithi ya Mtume kwamba vita ni hadaa. Ni kweli, lakini hadaa ina pande mbili, na katika kisa hiki upande wa mdanganywa ndio wenye mafunzo mengi zaidi.

Tuchukue ile namba 300. Kraut hakuhitaji kuipenyeza kwa mjumbe wa uongo. Ilikaa vizuri vichwani mwa watu waliokuwa tayari wanaamini kwamba askari Mwafrika ni wa kutisha wanakijiji tu. Ungewaambia 1,400 wenye nidhamu, wangekuuliza uliwahesabu wapi. Walipoambiwa 300, hakuna aliyeuliza. Dharau ilifanya nusu ya kazi ya Wajerumani, na ilifanya bure.

Na namba ile ingeweza kupimwa bila kumtuma mtu hata mmoja kwenye handaki. Salaita haina maji. Maji yalibebwa kutoka nyuma, upande wa Taveta. Nilikaa na Afande kwenye kivuli tukapiga hesabu kwenye karatasi ya risiti. Mtu anayelinda kilima kile kwenye joto la Februari, tumpe lita nne tu kwa siku, za kunywa na kupikia, asioge. Watu 300 wanahitaji lita 1,200, yaani madebe 60 ya lita ishirini. Watu 1,400 wanahitaji lita 5,600, yaani madebe 280. Hata ukisema nusu yao walilala nyuma na si kilimani, bado ni madebe 140. Mtu mmoja hubeba debe moja. Foleni ya wabebaji 60 na foleni ya wabebaji 140 si kitu kimoja; njia wanayopita haikanyagwi sawasawa, vumbi lao halilingani. Mpelelezi mmoja mwenye subira, kichakani kando ya njia ya maji kwa siku mbili, angeokoa watu wengi. Handaki unaweza kulibandika, mahema unaweza kuyasimamisha bila watu ndani. Kiu haibandikiki.

Afande aliongeza jambo ambalo nadhani linatoka kwenye mapori ya Kagera na si kwenye vitabu: "Shabaha ikijionyesha vizuri mno, usifurahi. Jiulize nani amekufungulia pazia."

Mkuu wa upelelezi wa Waingereza huku wakati huo alikuwa Richard Meinertzhagen, na siwezi kumpita kimya. Baadaye alipata umaarufu duniani kwa kisa cha begi lililoangushwa kwa makusudi mbele ya Waturuki karibu na Gaza mwaka 1917, likiwa na karatasi za uongo ndani. Shajara zake ndizo zilizolisha simulizi nyingi za vita vya Afrika Mashariki, pamoja na hadithi zake kwamba yeye aliona mapema na wakubwa hawakusikiliza. Watafiti wa baadaye wamezikagua shajara hizo wakakuta kurasa zilizochapwa upya na mambo yaliyoongezwa, na sehemu yake katika kisa cha begi imetiwa shaka kubwa. Hata vielelezo vya ndege alivyovikabidhi kwa makumbusho viligunduliwa kuwa na udanganyifu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasimulia kwa uhakika nani alimwonya Malleson usiku wa kuamkia Salaita, muulize amelitoa wapi. Mimi nimeliacha.

Pale njiani pia utaonyeshwa mbuyu wenye matundu ya risasi, na utaambiwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwalenga Waingereza mmojammoja kulipiza kisasi cha mumewe. Siichukui hadithi hiyo kama historia. Lakini naelewa ilikozaliwa. Askari anapopigwa na adui asiyemwona, lazima ampe adui huyo umbo. Wenzake wanaanguka, na mbele ni vichaka na mbuyu tu. Basi mbuyu ndio uliopiga.

Anayelipa

Kuna wanaosimulia hila za vita kama mchezo wa bao, nani alimla nani. Mimi siwezi, kwa sababu ya Kasigau. Ni mlima mwingine, mashariki ya hapo, upande wa Wataita. Mwaka 1915 Wajerumani waliivamia kambi ya Waingereza ya pale kwa kushtukiza. Waingereza walioshtukizwa hawakujiuliza walinzi wao walikuwa wakitazama wapi. Waliwashuku wenyeji kwamba ndio waliowaongoza adui, wakawang'oa watu wa Kasigau, wazee kwa watoto, wakawahamishia Malindi kwa nguvu. Watu wa mlimani wakatupwa kwenye joto la pwani. Wengi walikufa huko, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi kwao.

Ndiyo maana katika uchambuzi wowote wa udanganyifu wa kivita naongeza swali ambalo wanajeshi hawalipendi: aliyedanganywa alimwadhibu nani? Kukiri kwamba umechezewa akili ni kuchungu. Kumpata msaliti ni rahisi zaidi, na msaliti hupatikana karibu kila mara miongoni mwa wasio na bunduki.

Mwezi mmoja baadaye

Jan Smuts alifika mwezi huohuo wa Februari kuchukua uongozi wa majeshi yote ya Waingereza huku. Aliitazama Salaita akaamua kutoigusa. Hili nalihesabu kama jibu la kwanza la akili kwa hila ya Kraut: kama adui amekuandalia mlango, tafuta dirisha.

Machi 5 Jenerali Stewart alitoka Longido akishuka kuzunguka Kilimanjaro kwa magharibi, aje kutokea Boma Ng'ombe na kukata njia nyuma ya Moshi. Usiku wa kuamkia Machi 8, van Deventer na wapanda farasi wake waliondoka Mbuyuni, wakaiacha Salaita kushoto, wakaibukia ziwa Chala. Wakati huohuo, mbele ya kilima, Waingereza walibaki wakionekana, mizinga ikipiga kama wanaojiandaa kurudia kosa la Februari. Sasa wao ndio waliokuwa na cha kuonyesha juu na cha kuficha pembeni.

Nusu ya mpango ilifanikiwa. Wajerumani waliona wanazungukwa, wakaondoka Salaita bila kupigana. Nusu ya pili iliharibika kwa sababu Stewart alikwenda polepole mno, na mtego uliotakiwa kufungwa nyuma ya Moshi ukabaki wazi. Hila ya mbele haina faida kama mkono wa nyuma haufiki kwa wakati. Lettow-Vorbeck alipita katikati akashuka Kahe, na vita ambavyo vingeweza kumalizika chini ya Kilimanjaro vikaendelea hadi Novemba 1918, vikila wabeba mizigo kwa makumi ya maelfu.

Nimesoma kuhusu vikosi vya hila vya vita vilivyofuata. Wamarekani walikuwa na kikosi cha watu wapatao 1,100 huko Ulaya mwaka 1944 na 1945, chenye vifaru vya mpira vinavyojazwa upepo, vipaza sauti vya kupiga mlio wa magari yasiyokuwepo, na waendesha redio walioigiza vikosi vizima. Waingereza kabla ya El Alamein, mwaka 1942, walijenga bomba la maji la uongo jangwani, na kasi ya ujenzi wake ikawafanya Wajerumani wakosee tarehe ya shambulio. Ajabu ni kwamba bomba lile linanirudisha kwenye madebe yetu ya Salaita. Waliojenga bomba la uongo walijua kwamba adui makini huhesabu maji, basi wakampa maji ya kuhesabu. Malleson, aliyekuwa na maji ya kweli ya kuhesabu, hakuhesabu.

Malleson mwenyewe alipewa nafasi nyingine tarehe 11 Machi, kwenye vilima vya Latema na Reata, hatua chache kutoka mpaka wetu wa leo. Mapigano yalipokuwa makali aliomba aondolewe kwa sababu ya ugonjwa, na mwingine akachukua nafasi yake. Siku mbili tatu baadaye Waingereza waliingia Moshi bila kupigana, na mji huu ukabadilisha bendera.

Lakini picha ninayobaki nayo ni ya Machi 9. Askari wa miguu wamejipanga tena mbele ya Salaita, wakiwemo waliopigana pale mwezi uliopita. Mizinga imepiga kilima tena, safari hii wameshajua kuhusu mahandaki ya chini, na wamepiga juu na chini. Mchana wanapewa amri ya kusogea. Wanakwenda taratibu, miiba ikiwashika nguo, kila mmoja akisubiri vichaka vianze kupiga. Wanafika mguu wa kilima. Wanaingia kwenye mahandaki ya kweli, yale yaliyowaua wenzao, na yamefunikwa vizuri kabisa, hata ndani yake huwezi kuyaona mpaka umekanyaga ukingo. Hamna mtu.

Afande na mimi tulitumia zaidi ya nusu saa kutafuta alama za handaki hilo la chini. Tulizunguka, tukabishana, tukarudi. Mwishowe yule kijana wa mbuzi akatusogelea, akaamkia "shikamoo wazee," akauliza tumepoteza nini. Tukamwambia. Akaangalia miguu ya Afande, akaonyesha kwa fimbo.

"Si ndimo mlimosimama?"